Pimbi Aliyenunua Dhahabu Wakati wa Njaa

Hapo zamani za kale, wakati wanyama walipokuwa wakifunga milango yao kwa komeo na kuamkiana kabla ya kunywa uji, palikuwa na mji mmoja kando ya mto. Mji ulikuwa na soko, soko lilikuwa na mizani, na mizani hiyo ilipima dhahabu. Mfalme wa mji alikuwa Simba.

Sikilizeni vizuri, wajukuu, maana hadithi hii huchanganywa. Wapo wanaosema mwenye ghala alikuwa Nyati. Si kweli, alikuwa Kiboko. Na aliyemzidi akili hakuwa Sungura, kwa sababu Sungura alikuwa amekwisha kuhama na watoto wake. Alikuwa Pimbi, yule mnyama mdogo asiye na mkia ambaye huota jua juu ya mawe. Jina lake Bi Mwanakombo.

Mwaka wa kwanza mvua haikunyesha. Mwaka wa pili haikunyesha. Mwaka wa tatu vumbi likapanda juu likatanda kama chandarua, na jua likawa linaonekana nyuma yake kama kiini cha yai. Asubuhi moja Simba akaondoka na mkewe na walinzi wake, bila kumuaga mtu. Kadhi akamfuata. Wenye maduka wakafunga milango, halafu wakasahau walifunga kwa nini. Daraja likaanguka, puu! Hakuna aliyegeuza shingo.

Wanyama wakawa wanatembea polepole, kama waliomo ndani ya ndoto ya mtu mwingine. Ukiita upande huu wa bonde, sauti yako ilifika upande wa pili imechoka, na aliyeisikia alifikiri ameiota.

Na dhahabu je?

Dhahabu ilikuwa imelala njiani. Mwaka wa kwanza, Tembo alipeleka mkufu wake kwa Kiboko akapewa gunia la mtama. Twiga akapeleka vikuku vyake. Kiboko alipokea kila kilichong'aa. Kisha ukapita msafara wa Ngamia waliobeba chumvi. Kiboko akawatandikia dhahabu yake yote juu ya mkeka.

Ngamia wakaitazama. Wakatafuna, wakatafuna, wakameza.

"Bwana," wakasema, "chumvi tunatoa kwa mtama. Hicho chuma cha njano, baki nacho."

Kiboko aliona haya mpaka masikio. Akaibeba dhahabu yote akaitupa nyuma ya ghala, na tangu siku hiyo aliyemletea dhahabu alifukuzwa kwa kurushiwa matope. Watoto wakaokota nyingi yake wakaitawanya mjini, wakaanza kuchezea sarafu. Walizirusha juu ya mawe, cheng', cheng', cheng', na mlio wake ulielea ndani ya vumbi kutwa nzima, kama kengele ya mji ulio mbali.

Sasa ikawa Jumatatu. Fisi, bawabu wa ghala la Kiboko, akapita mlimani akipiga debe.

"Ndii! Ndii! Sikieni, watu wa mawe! Bwana Mkubwa anasema mtama hauuzwi tena kwa mikeka wala kwa vyungu. Amechoka na vyungu vyenu. Kuanzia Ijumaa, anayetaka mtama alete mtoto. Mtoto atakaa bwawani, atamkwangua Bwana Mkubwa mgongo na kumchokoa meno. Nyumba yake itapata pishi moja kwa juma. Hihihi! Msinitazame hivyo, mimi nimetumwa tu."

"Na asiyetaka?" akauliza Nungu.

"Asiyetaka ale mawe. Mnayo mengi. Hihihi!" Akaenda zake. Ndii! Ndii!

Bi Mwanakombo alikuwa amesimama mlangoni mwa ufa wake. Ndani alikuwa na kibaba kimoja cha mtama na binti mmoja, Kibibi. Hakuwa na kingine.

"Mama," akasema Kibibi, "bwawani kuna giza?"

"Kuna matope."

"Nikienda, wewe utakula?"

Bi Mwanakombo alimfuta vumbi usoni. Alijifunga kanga yake akatoka, kwa sababu siku ile alikuwa na jambo jingine la kumaliza. Mpwa wake Shomari, mtoto wa marehemu kaka yake, alikuwa amechumbia huko Jiwe la Pili, na arusi ilikuwa imepangwa Ijumaa hiyohiyo. Arusi gani wakati kama huu? Alikuwa anakwenda kuomba iahirishwe.

"Hodi hapa!"

"Karibu. Shikamoo yako umeiacha nyumbani?" Aliyesema ni Bibi Chiku, nyanya wa bibi arusi, pimbi mzee aliyebakiwa na meno mawili na kumbukumbu zote.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja kuahirisha arusi."

"Nani amekuambia?"

"Uso wako umetangulia kuingia."

"Bibi, tutafanyaje? Hakuna pilau, hakuna ngoma, hakuna hata wa kualikwa. Tungoje mvua."

"Mvua haikupeleka posa. Ijumaa ni Ijumaa. Pilau sitaki, ngoma sitaki. Nataka pete moja ya dhahabu."

"Dhahabu!" Bi Mwanakombo alitaka kucheka. "Bibi, dhahabu watoto wanaipiga teke huko nje. Ina kazi gani sasa?"

"Kama wanaipiga teke, basi haitakushinda kuipata. Nyanya yangu alitoka nyumbani kwao na pete. Mama yangu akatoka na pete, nami nikatoka na pete. Siku moja mtoto wa huyu mjukuu wangu atauliza, 'Mama, wewe uliolewaje?' Nataka apewe jibu lilelile."

Bi Mwanakombo alirudi polepole. Njiani akaokota sarafu vumbini, akaketi juu ya jiwe, akaigeuza kiganjani. Jana sarafu hii haikununua punje. Leo ina mtu anayeitaka. Kwa nini? Haijaongezeka uzito, wala haijawa tamu. Ila Bibi Chiku anaiona siku fulani huko mbele, siku yenye watoto wanaouliza maswali, na kwa siku hiyo dhahabu inafaa.

"Bibi Chiku anaiona siku hiyo," akajisemea. "Je, na Kiboko akiiona?"

Akakaa pale muda mrefu, macho nusu yamefumba. Vumbi lilipita mbele yake likipanda na kushuka, na ndani ya vumbi aliona kama vile ghala linafungua mlango wake lenyewe. Halafu akacheka peke yake, kwikwikwi, akaondoka mbio.

Hapa lazima mjue desturi moja ya nchi ile. Vipambo vya bibi arusi vilitafutwa na shangazi wa bwana arusi. Shangazi alijifukiza udi, akabeba sinia lililofunikwa kawa, akaenda nyumba kwa nyumba. Na kwa kuogopa kijicho hakutaja jina la bibi arusi, wala la bwana arusi, wala la wazazi wao, mpaka siku yenyewe. Kumuuliza ilikuwa aibu kubwa. Hata Simba alipomwoza mwanawe wa kwanza, mji mzima ulikuwa haujui ni arusi ya nani mpaka asubuhi ile.

Jumanne Bi Mwanakombo akajifukiza udi. Akachukua kibaba chake cha mwisho, akakiweka juu ya sinia, akakifunika kawa.

"Mama! Hicho ndicho chakula chetu!"

"Najua, mwanangu."

"Unakipeleka wapi?"

"Kwa Kiboko."

"Kiboko ana mtama hadi darini!"

"Ndiyo maana hatakiogopa hiki."

Akashuka mtoni. Mto ulikuwa umebaki bwawa moja tu la matope, na Kiboko alikuwa amelala ndani yake, macho juu, kama mawe mawili yenye kope.

"Hodi, Bwana Mkubwa!"

"Pfuuu! Umeleta mtoto?"

"Bado Ijumaa. Leo nimekuja kununua."

"Siuzi mtama."

"Mtama nimekuja nao." Bi Mwanakombo akafunua kawa. "Nataka dhahabu."

Bwawa likatulia. Fisi, aliyekuwa anasinzia mlangoni, akafumbua jicho moja.

"Nini?" akasema Kiboko.

"Dhahabu. Ile uliyoitupa nyuma ya ghala. Nipe kikuku kimoja, nami nakupa kibaba hiki."

"Hoo! Hoo! Hoo!" Maji yakaruka mpaka ukingoni. "Fisi, umesikia? Njaa imempanda kichwani! Mpe kikuku, mpe haraka kabla hajapata fahamu!"

Fisi akaleta kikuku. Bi Mwanakombo akakifuta kwa ncha ya kanga, akakitazama kwenye mwanga, akakiweka juu ya sinia taratibu kama anayemlaza mtoto mchanga.

"Ahsante. Nikipewa ruhusa nitarudi kesho."

"Ruhusa ya nani?" Kiboko akaacha kucheka. Pua yake ilikuwa imenusa udi. "Ala! Wewe ni shangazi? Kuna arusi?"

"Arusi ipo, Ijumaa."

"Arusi ya nani?"

Fisi akakohoa kwa nguvu. "Bwana Mkubwa! Shangazi haulizwi!"

"Pfuuu. Nimeteleza ulimi," akasema Kiboko, akazama mpaka masikio.

Aliporudi mlimani, Bi Mwanakombo akawaita majirani wote wa mlimani, wakiwamo Nungu, Digidigi na Kobe, akawaeleza yote. Akawaomba kila mmoja konzi ya mtama.

"Konzi!" Digidigi akaruka. "Nina konzi mbili tu duniani!"

"Basi nipe moja."

"Na mpango wako ukiharibika?"

"Ukiharibika, Ijumaa itakuja na watoto watakwenda. Usipoharibika, hawaendi. Ukikaa na konzi zako mbili, watakwenda tu."

Kobe alifikiri kwa muda mrefu, kama kawaida yake. Kisha akaingiza kichwa ndani ya gamba na kutoka na konzi aliyoificha humo hata mkewe hakujua. "Chukua," akasema. "Na sisi tufanye nini?"

"Okoteni dhahabu yote iliyolala mjini. Isugueni kwa majivu na ukwaju. Imbeni nyimbo za arusi. Mtu akiuliza ni arusi ya nani, mnajua desturi. Na uongo msiseme hata neno moja, maana uongo una miguu mingi, utatukwaza."

Jumatano akarudi bwawani. Safari hii Kiboko alikuwa ameketi ukingoni akimngoja.

"Leo bei imepanda," akasema kabla ya salamu. "Kikuku ni vibaba viwili."

Alingoja aombwe apunguze. Nani katika nchi ile alinunua hata kitunguu bila kuomba kupunguziwa? Lakini Bi Mwanakombo alimimina vibaba viwili bila neno, swaaa, akachukua kikuku chake, akasema ahsante.

Kiboko akabaki mdomo wazi. Nzi akaingia, akatoka.

"Fisi," akasema Bi Mwanakombo alipokwisha kuondoka, "umeona? Hakupatana bei!"

"Nimeona, Bwana Mkubwa."

Samahani, wajukuu, aliyesema hivyo ni Kiboko. Bi Mwanakombo alikuwa amefika mbali. Kiboko ndiye aliyesema, na akaendelea: "Mtu asiyepatana bei anatumia mali ya mwingine. Na huyo mwingine ana mali nyingi. Nani ana mali nyingi na binti wa kuoza?"

Fisi akashusha sauti. "Simba ana binti."

"Simba amehama."

"Aliyehama huweza kurudi."

Wakatazamana. Huko mlimani upepo ulikuwa unaleta nyimbo vipande vipande, na vigelegele vyembamba, na mlio wa chuma kinachosuguliwa, kwaru, kwaru, kwaru.

"Nenda ukatazame," akasema Kiboko.

Alhamisi asubuhi Fisi akapanda mlimani. Alichokiona kilimfanya akae chini. Mawe yote yalikuwa yanang'aa. Mkufu wa Tembo ulikuwa umetandazwa juani, na sahani za mizani ya soko, na vitasa vya lango la mfalme, na sarafu zimepangwa kama nazi sokoni. Na kwa kuwa jua lenyewe lilikuwa limefifia, ilikuwa kana kwamba mwanga wa siku ile unatoka ardhini kwenda juu.

"Salaam aleikum! Kazi nzuri! Hii yote ni ya… ya…"

"Ya nani?" akauliza Nungu akimkazia macho.

"Ya Ijumaa," akasema Fisi haraka.

"Basi umejijibu."

Fisi akamwendea Bi Mwanakombo. "Shangazi, siulizi arusi ni ya nani, Mungu apishe mbali. Nauliza tu, kwa mazungumzo, una habari zozote za Simba?"

"Za Simba? Sijui habari zake hata kidogo."

"Hujui! Hihihi!" Fisi akakonyeza jicho. "Naam. Hujui. Vizuri kabisa."

Akateremka mbio mpaka ulimi ukagusa vumbi. "Bwana Mkubwa! Hajui habari za Simba!"

"Amesema hivyo?"

"Kwa kinywa chake! Na anavyosema hajui, ndivyo anavyosema anayejua!"

Kiboko akatoka majini mzimamzima. Akili yake, ambayo kwa miaka mitatu ilikuwa imelala pamoja naye, sasa ilikuwa inakimbia. "Sikiliza, Fisi. Simba akirudi, daraja litajengwa. Daraja likijengwa, msafara utapita. Msafara ukipita, mtama utakuja kutoka kila upande na bei yake itaanguka, puu! Na dhahabu itapanda. Mimi nimekalia mtama, na wale wapumbavu wa mawe wamekalia dhahabu! Twende!"

Walipofika mlimani, Kiboko alikuwa anahema kama kiriba cha mhunzi.

"Pfuuu! Shangazi! Niuzie dhahabu. Gunia moja la mtama kwa mkufu ule."

"Bwana Mkubwa, vipambo vya arusi haviuzwi."

"Magunia matano!"

"Nitawaambia nini wenyewe?"

"Magunia ishirini, kwa dhahabu yote!"

Bi Mwanakombo akatikisa kichwa. Moyo wake ulikuwa unapiga du, du, du, akaogopa kwamba kanga inaonyesha. Magunia ishirini! Yangetosha miezi miwili. Akamtazama Kibibi, aliyekuwa amekaa juu ya jiwe na kopo la majivu, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. Miezi miwili, kisha Fisi atarudi na debe lake.

"Haiwezekani, Bwana Mkubwa. Mimi ni mjumbe wa arusi tu."

"Ghala zima!" Kiboko akapiga mguu, mlima ukatetemeka. "Chukueni ghala zima, hadi punje ya mwisho!"

Mikono yote ikaacha kusugua. Hata upepo ulisimama.

"Na watoto?" akauliza Bi Mwanakombo.

"Watoto gani? Ah, wale! Nitawafanyia nini watoto? Nikiwa na dhahabu yote ya nchi hii, mgongo wangu utakwanguliwa na mawaziri!"

"Sema mbele ya watu."

"Nasema mbele ya watu! Hakuna mtoto atakayeletwa bwawani. Ufunguo huu hapa!" Akautupa, ukaanguka miguuni pake, cheng'!

Bi Mwanakombo akavuta pumzi ndefu. "Nabakiza pete moja tu. Ukikataa hiyo, hakuna biashara."

"Baki nayo! Pete moja nitaifanyia nini?"

Basi mchana ule msururu ulitoka mlimani kwenda ghalani, na mwingine ukatoka ghalani kwenda mlimani. Huu ulibeba dhahabu, ule mtama. Walipishana katikati ya vumbi bila kusema neno, kama watu wanaopishana usingizini. Tembo alibeba magunia, Digidigi alibeba mifuko, na panya walibeba punje mojamoja kwenye mashavu. Jua lilipotua, ghala lilikuwa limejaa dhahabu mpaka darini. Kiboko alilala mlangoni mwake, na kila alipojigeuza na kugonga ukuta, ndani kulilia cheng'ele, cheng'ele, naye akatabasamu.

Ijumaa alfajiri ikanyesha.

Mvua ile haikuja kwa radi. Ilikuja kimya, tone kwa tone, kama mtu anayerudi nyumbani na hataki kuwaamsha wenzake. Vumbi likashuka chini. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu wanyama waliona milima ya upande wa pili, wakashangaa kuwa bado ipo. Kisha wakakumbuka mbegu. Wakakimbilia mashambani na majembe, na mpaka jua lilipopanda, kila shimo lilikuwa limepata punje zake.

Saa nne asubuhi Kiboko akapanda mlimani kwenda arusini. Alikuwa amevaa dhahabu shingoni, masikioni, na miguu yote minne. Cheng'ele, cheng'ele, cheng'ele! Nyuma yake Fisi alikuwa amevaa kitasa cha lango la mfalme kama kofia.

Juu ya jamvi, chini ya mwamba unaokinga mvua, walikaa pimbi wawili wadogo wenye haya. Pembeni kulikuwa na chungu kikubwa cha uji wa mtama.

"Simba yuko wapi?" akauliza Kiboko.

"Simba yupi, Bwana Mkubwa?" akauliza Kobe.

"Simba! Mfalme! Baba wa bibi arusi!"

Bibi Chiku akainua uso. "Baba wa bibi arusi ni mwanangu Mbaraka, yule pale anakoroga uji. Mbaraka, mwamkie mgeni."

"Shikamoo, Bwana Mkubwa," akasema Mbaraka, mwiko mkononi.

Kiboko akageuka polepole. Akamwona Bi Mwanakombo.

"Wewe! Umenidanganya!"

"Kwa neno lipi? Nilikuambia kuna arusi Ijumaa. Leo Ijumaa, na hii ndiyo arusi. Fisi aliponiuliza habari za Simba, nilisema sijui. Mpaka sasa sijui."

"Ni kweli, Bwana Mkubwa," akasema Fisi, "alisema hajui."

"Nyamaza wewe! Nirudishieni mtama wangu!"

"Mwingine uko shambani unanyeshewa," akasema Bi Mwanakombo. "Mwingine uko matumboni. Na uliobaki uko humu, ndani ya nyufa za mawe. Ingiza kichwa ukautoe."

Kiboko akautazama ufa, ambao pimbi mmoja aliyekonda aliupita kwa shida. Akafikiria kichwa chake. Akautazama mlima mzima, ufa baada ya ufa, na kila ufa ulikuwa na macho madogo yanayomtazama.

Akaugeukia upande wa jamvi. Sauti yake sasa ilikuwa ndogo. "Bibi, wewe ulitaka dhahabu. Chukua mkufu huu wote, nipe gunia moja."

"Nilitaka pete moja, na nimeipata," akasema Bibi Chiku. "Mjukuu wangu shingo yake nyembamba, baba. Mkufu huo utamwangusha."

Hakuna aliyecheka. Mvua iliendelea kunyesha kidogokidogo, na harufu ya uji ikapita chini ya pua ya Kiboko, ikarudi, ikapita tena.

"Bakuli moja," akasema, "mnauza bei gani?"

Bi Mwanakombo alichota uji, akajaza bakuli kubwa kuliko yote, akaliweka juu ya jiwe la chini mbele yake. "Uji wa arusi hauuzwi. Kunywa. Kesho ukitaka mwingine, mfereji wa shamba umejaa mchanga, na mdomo wako ni mpana. Na Fisi ana miguu ya kuchimbia."

"Mimi?" akasema Fisi.

"Wewe."

Kiboko akainamisha kichwa anywe. Hakuweza. Mikufu ilikuwa mingi mno, imemkaza shingo kama nira, na bakuli lilikuwa chini. Akajaribu tena. Tena. Mwisho akaanza kuivua, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja ulipoanguka ulizama kwenye tope bila mlio. Alipoivua yote, shingo yake ikawa nyepesi, akafika kwenye uji, akanywa mpaka akaramba jiwe.

Miaka ikapita, daraja likajengwa, mizani ikarudi sokoni, na dhahabu ikapata tena bei yake. Kiboko akauza aliyoweza kuifukua, akajenga nyumba nzuri tu, hakuna anayekana. Lakini kuiona siku hiyo aliiona kwa sababu ya uji wa Bi Mwanakombo.

Hadithi imefika kwao, nasi tulale kwetu, na fundisho lake, wajukuu, ni hili: dhahabu yaweza kungoja mpaka dunia itengemae, lakini mwenye njaa hawezi.